Bega Lisiloinuka: Majeraha ya Mishipa ya Fahamu ya Bega na Muda wa Kuyatibu

RUNGWA, Singida – Bega linapokosa nguvu baada ya ajali, jambo la kwanza ambalo mwananchi anapaswa kulifahamu ni kwamba muda wa kulitibu una mipaka. Mfupa uliovunjika huweza kuunga hata ukichelewa, japo vibaya. Msuli uliokatiwa mawasiliano na mshipa wake wa fahamu huanza kusinyaa ndani ya wiki chache, na baada ya takriban mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu huwa hauwezi tena kuupokea mshipa huo hata ukirudi. Kwa mkazi wa Rungwa, kata iliyopo kusini magharibi mwa Halmashauri ya Wilaya ya Itigi na iliyo zaidi ya kilomita 150 kutoka mji wa Itigi, ufahamu huo una thamani kubwa, kwa kuwa safari ya kwenda kwa mtaalamu ni ndefu na huahirishwa kwa urahisi.

Kazi za eneo hili pia zinalitegemea bega. Rungwa imezungukwa na misitu ya miombo na inapakana na Pori la Akiba la Rungwa, lililotengwa tangu mwaka 1951. Warina asali hupanda miti mirefu kutundika na kushusha mizinga ya magogo na ya magome. Wakulima hushika jembe tangu mvua za kwanza, wanawake hutwanga na kubeba maji, vijana huendesha pikipiki katika barabara ya kutoka Mbeya kupitia Chunya na Makongolosi kuelekea Itigi na Mkiwa. Kila moja ya kazi hizo ina namna yake ya kulidhuru bega, na namna ya ajali humsaidia mhudumu wa afya kukisia ni mshipa gani umeumia kabla hata ya kupima.

Jinsi bega lilivyoundwa

Bega ndilo kiungo chenye uhuru mkubwa zaidi wa kujongea katika mwili wa binadamu, na uhuru huo umenunuliwa kwa kupoteza uimara. Kichwa cha mfupa wa mkono wa juu ni duara kubwa linalokaa juu ya kibakuli kidogo na kifupi cha kombe la bega, kama chungwa juu ya kisosi. Kinachokizuia kisianguke ni mfuko wa kiungo, kano, na misuli minne midogo inayokikumbatia kichwa hicho mbele, juu na nyuma. Juu yake upo msuli mkubwa unaolipa bega umbo lake la duara, ambao ndio unaoinua mkono kwenda pembeni.

Misuli hiyo yote hupokea amri kupitia mtandao mmoja. Mizizi mitano ya mishipa ya fahamu, yaani ya tano hadi ya nane ya shingo pamoja na ya kwanza ya kifua, hutoka katika uti wa mgongo, hukutana, hugawanyika na kuungana upya kati ya shingo na kwapa, ikipita nyuma ya mtulinga. Kwa kawaida, mizizi ya juu huhudumia bega na kukunja kiwiko, wa katikati hunyoosha kiwiko, na ya chini huhudumia vidole na kiganja. Kwa hiyo mtu anayeweza kushika kalamu lakini hawezi kuinua mkono ameumia sehemu tofauti kabisa na yule anayeinua mkono vizuri lakini kiganja chake kimelegea.

Maswali matatu kabla ya tiba

Wagonjwa wengi hufika kituo cha afya wakisema neno moja tu, kwamba "bega linauma". Kauli hiyo haitoshi. Mkono unaweza kushindwa kupanda kwa sababu unauma, kwa sababu kiungo kimekaza, au kwa sababu hauna nguvu, na kila sababu ina njia yake.

Njia rahisi ya kutofautisha haihitaji mashine. Mtu mwingine auinue mkono wa mgonjwa taratibu, mgonjwa mwenyewe akiwa amelegea. Mkono ukipanda vizuri kwa msaada lakini mgonjwa akishindwa kuuinua peke yake, tatizo ni udhaifu: mshipa wa fahamu umeumia, au kano ya misuli midogo imechanika. Mkono usipopanda hata kwa msaada wa mtu mwingine, kiungo kimekaza au kimeteguka. Mkono ukipanda lakini maumivu makali yakijitokeza katikati ya njia na kupungua ukifika juu, mara nyingi kano ndizo zinazobanwa chini ya mfupa wa juu wa bega.

Baada ya hapo mgonjwa aombwe kufanya mambo matano kwa mpangilio: kuinua mkono pembeni, kukunja kiwiko, kunyoosha kiwiko, kuinua kiganja kwa nyuma kwenye kifundo, na kutanua vidole. Ngozi ya upande wa nje wa bega iguswe kwa pamba, kwani ganzi katika sehemu hiyo ndogo ni dalili ya kuumia kwa mshipa wa fahamu wa kwapa. Matokeo yaandikwe pamoja na tarehe. Karatasi hiyo moja, ikisafiri na mgonjwa, humwambia daktari wa hospitali ya rufaa mambo ambayo hakuna picha itakayomwambia: bega lilikuwaje siku ya kwanza, na limebadilika kiasi gani tangu hapo.

Kuanguka kutoka mtini na kwenye pikipiki

Ajali mbili za eneo hili zinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu zinaumiza ncha mbili zilizo kinyume za mtandao uleule.

Mwendesha pikipiki anapotupwa, mara nyingi hutua kwa bega na upande wa kichwa. Bega husukumwa chini na shingo huvutwa upande wa pili, na pembe kati yake hupanuka ghafla. Mizizi ya juu hunyooshwa, huchanika, au hung'olewa kabisa katika uti wa mgongo. Mkono hubaki ukining'inia ubavuni, umegeukia ndani, kiwiko hakikunjiki, ingawa vidole vinaweza kuwa vinacheza. Kofia ngumu huokoa kichwa na ni lazima ivaliwe, lakini hailindi mishipa hii. Kinachoilinda ni mwendo wa wastani na kutobeba abiria zaidi ya uwezo wa chombo.

Mrina asali anayeteleza hufanya jambo la asili kabisa: hudaka tawi. Mkono hubaki juu huku uzito wote wa mwili ukivuta chini, na safari hii ni mizizi ya chini inayonyooshwa. Bega linaweza kuonekana zima, naye mwenyewe akashukuru kwamba hakufika ardhini, kumbe vidole vimelegea na upande wa kidole kidogo umekufa ganzi. Hapo macho yake yatazamwe. Kope la upande ulioumia likiwa limeshuka na mboni yake ikiwa ndogo kuliko ya upande wa pili, hiyo ni ishara kwamba mzizi umeng'oka karibu na uti wa mgongo. Jeraha la aina hiyo haliponi lenyewe, na mgonjwa hana sababu ya kusubiri miezi kadhaa kuona kama nguvu itarudi. Apewe rufaa mapema.

Kuna majeraha ambayo mshipa umenyooshwa tu bila kukatika. Hayo hurudi, baadhi ndani ya wiki, mengine ndani ya miezi. Mshipa uliokatika ndani huku ganda lake likiwa zima huota upya kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa siku, yaani sentimita 3 hivi kwa mwezi. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua mambo mengi. Kutoka shingoni hadi msuli unaokunja kiwiko ni safari ya miezi mingi. Kutoka shingoni hadi vidoleni kwa mtu mzima ni karibu miaka miwili, na kufikia wakati huo misuli ya kiganja huwa imekwisha kufa. Ndiyo maana madaktari bingwa hupendelea kufanya upasuaji wa mishipa hii ndani ya miezi mitatu hadi sita baada ya ajali, na ndiyo maana mgonjwa anayefika baada ya miaka miwili hupewa tiba nyingine, kama kuhamisha kano ya msuli mzima ili ifanye kazi ya msuli uliokufa.

Upasuaji wenyewe umepiga hatua. Mwaka 1994 daktari Mfaransa Christophe Oberlin na wenzake walieleza njia ya kuchukua nyuzi chache za mshipa wa fahamu unaohudumia kiganja na kuziunganisha moja kwa moja na mshipa wa msuli unaokunja kiwiko, karibu kabisa na msuli huo, hivyo kuifupisha safari ya kuota. Kiganja hakipotezi nguvu ya maana, na kiwiko kinaweza kukunjika tena. Mgonjwa anayefika kwa wakati hufaidika na njia kama hizo. Aliyechelewa hazimfai tena.

Bega lililoteguka

Bega huteguka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa, na katika zaidi ya asilimia 95 ya matukio kichwa cha mfupa hutoka kwa mbele. Duara la bega hupotea na kuacha pembe kali, na mgonjwa huushikilia mkono kwa mkono wa pili. Mshipa wa kwapa hupita chini kabisa ya kiungo hicho, hivyo huvutwa wakati kichwa kinapotoka, na huweza kuvutwa tena wakati kinaporudishwa kwa nguvu.

Hapa ndipo desturi ya kuvutavuta bega nyumbani, mtu mmoja akikanyaga kwapani na wengine wakivuta mkono, inapoleta madhara. Anayevuta hajui kama mfupa umevunjika pia, wala hakupima ganzi na mapigo ya damu kabla ya kuvuta, hivyo baadaye haijulikani kama udhaifu ulitokana na ajali au na mkono wake. Bega lirudishwe na mhudumu aliyefunzwa, baada ya dawa ya maumivu na picha ya eksirei pale inapopatikana, na nguvu ipimwe kabla na baada. Kwa bahati nzuri, majeraha mengi ya mshipa wa kwapa yanayotokana na kuteguka hupona yenyewe ndani ya miezi michache. Msuli usipoonyesha dalili yoyote ya kukaza baada ya miezi mitatu, mgonjwa apewe rufaa.

Tahadhari ya pekee ni kwa mwenye kifafa na kwa aliyepigwa na umeme. Degedege huweza kulitegua bega kwa nyuma, jambo ambalo halionekani kwa urahisi hata katika picha ya eksirei ya mbele. Mtu anayeamka baada ya kifafa akiwa hawezi kugeuza mkono kwa nje, hata kwa msaada, achukuliwe kuwa bega lake limeteguka hadi itakapothibitishwa vinginevyo.

Udhaifu usiotokana na ajali

Si kila bega dhaifu limeanguka. Wapo wanaoamka usiku na maumivu makali ya bega yasiyo na sababu, yanayodumu siku kadhaa au wiki, kisha maumivu yakipungua wanagundua kwamba mkono hauinuki. Katika vijiji vingi jambo hilo huhusishwa na uchawi, kwa kuwa hakuna jeraha linaloonekana. Ni ugonjwa unaofahamika, ulioelezwa kwa kina na madaktari wa Uingereza Parsonage na Turner mwaka 1948, ambamo mishipa ya bega huvimba, mara nyingi baada ya maambukizi au upasuaji. Wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa, lakini huchukua miezi hadi miaka. Chale hazina msaada katika hali hiyo, na huongeza hatari ya maambukizi.

Kubeba mzigo mzito kwa mikanda membamba, au mzega mabegani kwa masafa marefu, huweza kubana mishipa inayopita juu ya bega. Dalili moja inayotambulika kwa macho ni kombe la bega kutokeza nyuma kama bawa mgonjwa anaposukuma ukuta kwa viganja. Aliyewahi kukatwa tezi shingoni, kwa mfano kwa ajili ya kupima kifua kikuu cha tezi, na sasa hawezi kuinua bega juu, amweleze daktari kuhusu upasuaji huo, kwani mshipa unaohudumia msuli wa juu ya bega hupita karibu sana na ngozi ya shingo. Mkanda wa jeshi ukitokea begani nao huweza kuacha udhaifu baada ya malengelenge kupona. Na pale ganzi inapoambatana na baka la ngozi lisilo na hisia na vidole vinavyoanza kujikunja, mgonjwa apimwe ukoma, ambao dawa zake hutolewa bila malipo.

Bega lililokaza bila udhaifu ni jambo jingine. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, hasa wenye kisukari, na huanza kwa maumivu ya usiku kisha kiungo kikajifunga taratibu. Wengi hufunguka ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Mtu mwenye bega la namna hiyo ambaye hajawahi kupimwa sukari anashauriwa kupima.

Mtoto mchanga

Mtoto mkubwa, ambaye mara nyingi huzaliwa na mama mwenye sukari nyingi wakati wa ujauzito, huweza kukwama mabega baada ya kichwa kutoka. Mizizi ya juu ikinyooshwa, mkono wa mtoto hulala ubavuni, umegeukia ndani, kiwiko kimenyooka na kiganja kimekunjwa kwa nyuma. Mzazi asiuvute wala kuufunga kwa nguvu. Mhudumu ahakikishe kwanza kwamba mtulinga haujavunjika, kisha amfundishe mama kuujongesha mkono huo taratibu mara kadhaa kwa siku, ili kiungo kisikaze.

Watoto wengi hupona. Kipimo kinachotumika ni kiwiko: mtoto anayeanza kukikunja kabla ya kutimiza miezi mitatu ana matumaini makubwa, na asiyekikunja kufikia umri huo apelekwe kwa mtaalamu bila kusubiri kliniki nyingi zaidi. Kinga yake huanza katika mahudhurio ya kliniki ya ujauzito na kujifungulia kituoni. Kwa dharura ya uzazi au ya mtoto mchanga, usafiri wa m-mama huitwa kwa namba 115 bila malipo.

Dharura zinazojificha begani

Maumivu ya bega la kushoto yanayoambatana na kifua kubana, jasho na kukosa pumzi yaweza kuwa ya moyo. Udhaifu wa ghafla wa mkono pamoja na mdomo kupinda au maneno kukwama ni kiharusi. Mwanamke aliyekosa hedhi anayepata maumivu ya tumbo, kizunguzungu na maumivu ya ncha ya bega anaweza kuwa anavuja damu tumboni kwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Damu hiyo husumbua kiwambo cha kupumulia, na mshipa wa kiwambo hicho unatoka shingoni, jirani na ile ya bega. Mtoto ambaye mkono au mguu wake umelegea ghafla baada ya homa aripotiwe siku hiyohiyo ili apimwe polio. Katika hali zote hizi, kulikanda bega ni kupoteza muda wa hatari.

Njia ya rufaa na matunzo ya kila siku

Safari ya mgonjwa wa Rungwa huanza katika zahanati au kituo cha afya. Hospitali ya Mtakatifu Gaspar iliyopo Itigi ndiyo hospitali kubwa katika halmashauri hiyo, na juu yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida. Huduma za kibingwa zaidi zipo Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Mgonjwa aende na picha zake za eksirei, tarehe halisi ya ajali, na maandishi ya vipimo vya nguvu. Kipimo cha umeme wa mishipa ya fahamu, pale kinapohitajika, huleta majibu ya kuaminika baada ya wiki tatu tangu kuumia, hivyo kuambiwa asubiri kipimo hicho si kupuuzwa.

Wakati wa kusubiri, mkono uliolegea usiachwe ukining'inia. Ufungwe kwa kitambaa shingoni anapotembea, na ufunguliwe kila siku ili mtu wa familia aunyooshe na kuukunja katika viungo vyote, kuanzia begani hadi vidoleni. Mishipa ikirudi ikakuta viungo vimekaza, kazi itakuwa imepotea. Asiyekuwa na hisia mkononi asikae karibu na mafiga wala asipime joto la maji kwa mkono huo, kwani vidonda vya moto huja bila yeye kujua. Maumivu ya kuunguza, yanayofanana na shoti ya umeme, hayatulizwi sana na dawa za kawaida. Zipo dawa mahususi, kama amitriptilini, ambazo huandikwa na mtoa huduma na hazifai kununuliwa kiholela.

Nguvu inapoanza kurudi, mazoezi huanza kwa kulala chali na kuinua fimbo kwa mikono miwili, mkono mzima ukiusaidia ule dhaifu, kisha kupandisha vidole ukutani hatua kwa hatua huku alama ikiwekwa kila wiki. Mkulima huweza kurudi shambani kwa kazi nyepesi kabla ya kushika jembe. Mrina asali aliyebaki na mkono mmoja dhaifu hapaswi kurudi mtini, lakini hana sababu ya kuacha ufugaji nyuki: mizinga ya kisasa ya viunzi hutundikwa usawa wa kiuno, na hukaguliwa na kuvunwa mtu akiwa amesimama ardhini.